Kikwembe cha Ndege Weupe

Watu wa Ndosho wanamuita bwana yangu Papa Foto, na mimi wananiambia nina bahati. Bahati gani? Waingie kwanza nyumbani kwangu waangalie ukuta. Watamuona padiri wetu wa zamani, watamuona muuza nyama wa Birere, watawaona mapacha wa jirani na mabibi-arusi wa watu. Kasoki watamutafuta mpaka macho yawaume. Kasoki ni mimi.

Nianzie kwenye arusi, maana kesi ilianzia huko. Mimi na Kasereka sote ni watu wa Butembo, na tulioana Butembo, ingawa yeye alikuwa ameisha kufungua studio yake ya foto hapa Goma. Siku hiyo mama yangu, Mungu amulaze pema, alinipa kikwembe cha wax, kitenge cha bei kubwa, bluu iliyoiva, chenye ndege weupe wanaoruka wawili-wawili. Alikuwa ameuza mavuno yake ya maharagwe ili akinunue. Nilipokifunga, hata shangazi yangu ambaye hajawahi kumusifu mutu tangu azaliwe alinizunguka mara mbili akiniangalia.

Sasa, mupiga foto wa arusi alikuwa nani? Bwana-arusi mwenyewe! Kasereka alikataa katakata mutu mwingine asiguse apareyi yake ya foto. Yuko ndani ya suti, siku ya arusi yake, anakimbia huku na kule, anawapanga wajomba zangu kwa urefu, anawanyoosha kola, anawaambia wafunge midomo. Mimi nimekaa pale na ndege wangu, nangoja zamu. Zamu ilipofika akaja anacheka, akafungua mikono yake mitupu: filimu imekwisha. Imekwisha kwa wajomba!

"Ya kwako tutapiga kesho, bibi yangu," akaniambia. "Si nitakuwa na wewe siku zote?"

Kesho hiyo iliota mvi.

Wakati ule Goma ilikuwa muji mudogo. Ukipiga chafya Birere, mutu wa Himbi anakuambia pole. Na karibu kila mutu wa muji huo alipita kwenye studio yetu, Foto Umoja, kwa sababu Kasereka alikuwa na kitu ambacho wapiga foto wengine hawakuwa nacho: nguo. Pale kwenye misumari nyuma ya mulango kulikuwa na koti jeusi, tai mbili, saa ya mukono iliyokufa zamani, viatu vya kung'aa, gauni la maua na mukoba wa wanawake. Unafika na shati lako la shambani, unatoka kwenye foto ukiwa mukubwa wa ofisi. Koti likiwa pana, analibana mugongoni kwa vibano vya kuanikia nguo, na wewe unaonekana kama limeshonwa kwa ajili yako. Ile saa imefungwa kwenye mikono ya nusu ya muji na hakuna aliyeiuliza saa ngapi. Watu wote walijua, na hakuna aliyeona haya. Foto ilikuwa siku ya kuvaa vizuri, basi.

Halafu vita ikawaka kwenye vilima vya Masisi. Watu wakashuka na magodoro kichwani, wakati muji ulikuwa tayari umejaa wakimbizi waliovuka mupaka miaka miwili kabla. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza, na Kasereka akanipeleka Butembo kwa mama nikazalie huko. Nilirudi na Olive mugongoni. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda pale nilipoliacha, kikwembe changu ndani yake, kimekunjwa vizuri. Sikushuku kitu. Nishuku nini?

Vita ikafika mpaka mujini, ikapita. Makambi yakavunjika, watu wakatawanyika, wengine porini, wengine hatujui wapi. Mwaka uliofuata tukamubatiza Olive, na kwa sababu ya ubatizo nilikitoa kikwembe. Kutoka kanisani nikapitia soko la Virunga kununua nyanya. Kasereka hakuwepo. Alikuwa Vitshumbi, alikoitwa kuwapiga wavuvi foto za karata zao za utambulisho. Alikosa hata ubatizo wa mutoto wake, lakini hiyo niiache, nisije nikamaliza siku.

Nimeinama kwenye nyanya. Mwanaume akanikamata mukono. Sisemi alinigusa, nasema alinikamata.

"Hiki kikwembe umekitoa wapi?"

"Achilia mukono! Una wazimu?"

"Ni cha bibi yangu! Umemuvua wapi? Sema! Maiti yake umeiacha wapi?"

Yoo! Soko lote likageuka. Wakati ule kulikuwa na watu waliovua wafu nguo, kila mutu alijua hivyo, na mimi nikaona macho ya wale wamama wa nyanya yanabadilika. Nilipiga kelele kwamba kikwembe ni changu, nimepewa na mama yangu, aende Butembo akaulize. Ndipo yule mwanaume akaingiza mukono mufukoni, akatoa foto iliyofungwa kwenye plastiki, akaniwekea mbele ya pua.

Kwanza nilitambua ukuta. Lile ziwa lililochorwa na mulevi mumoja wa Birere, lenye mutumbwi mukubwa kuliko mulima, hakuna studio nyingine iliyokuwa nalo. Halafu nikatambua kiti chetu. Halafu nikamuona mwanamuke. Mwembamba, shingo ndefu, anaangalia mbele kama mutu anayeitwa jina lake kwa upole. Na kiunoni mwake, wawili-wawili, ndege wangu.

Nilisahau mukono. Nilisahau hata Olive aliyekuwa analia mugongoni.

"Papa," nikamwambia yule mwanaume, "hicho kiti ni chetu. Huo ukuta ni wetu. Na kikwembe ni changu mimi. Bibi yako aliazimwa nguo na mupiga foto."

Akaniachilia. Akakaa chini pale pale katikati ya vikapu. Alikuwa mutu wa Masisi, jina lake Josias, na bibi yake aliitwa Mukamugema. Walipotezana usiku waliposhambuliwa. Bibi yake alikuwa ameiacha foto hiyo kwa dereva wa lori anayetoka kwenye kilima chao, ili ikimupata bwana yake, ajue kwamba bado anaishi. Ikamupata. Na Josias akazunguka nayo makambi yote, kabla hayajavunjika na baada ya kuvunjika, mwaka muzima, anauliza: hamujamuona mama wa kikwembe cha ndege? Watu wanaangalia foto, wanaona ile wax, wanasema hapana, huku kwetu hakuna mama tajiri kama huyo.

"Kumbe nilikuwa natafuta nguo," akasema.

Nilitaka kumuhurumia, lakini nafasi ya huruma ilikuwa imejaa kitu kingine. Na yeye pia, maana aliinua kichwa akaniuliza, macho mekundu:

"Huyo mupiga foto ni kijana?"

"Si muzee."

"Ni muzuri wa sura?"

Eeh! Nikamuangalia vizuri. Mutu amelala porini, amekula mizizi, na bado alikuwa na swali hilo! Mwaka wote huo alikuwa anatembea akijiuliza ni mwanaume gani aliyemununulia bibi yake wax. "Mimi sikuwahi kumununulia kikwembe kama hicho," akasema, "hata siku moja." Tulikuwa watu wawili katikati ya soko, tumeshika foto moja, na kila mumoja moyo wake unawaka.

"Ni bwana yangu," nikamujibu. "Na akirudi atanitambua."

Akasema atapita tena kumuuliza Kasereka kama anajua bibi yake alielekea wapi. Kulikuwa na lori linalokwenda Walikale, akalipanda kwanza, kwa sababu alisikia kuna watu wa kwao huko. Hakupita tena.

Kasereka aliporudi na samaki wake wa Vitshumbi, nilimupokea mulangoni, na samaki hawakuingia.

"Mukamugema ni nani?"

Hakukana. Angekana ingekuwa afadhali! Akanieleza kwa utulivu, kama mutu anayeeleza hali ya hewa: mama huyo alikuja na nguo iliyochanika kutoka barabarani, gauni la studio lilikuwa limelowa kwenye kamba, na alitaka foto ya kumutumia bwana yake. "Nisingeweza kumupiga vile alivyokuwa, Mama Olive. Bwana yake angeona nini? Angeona mateso tu. Nikasema acha amuone ni muzuri."

"Kwa hiyo ukafungua sanduku langu."

"Ni foto nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga," akasema yule mupumbavu wangu.

Hapo nililipuka. Nilipiga kelele juu ya sanduku, juu ya mama yangu na maharagwe yake, juu ya wajomba na filimu yao. Jirani walikuja wakarudi. Kuhusu Josias sikufika hata kumutaja, hasira haikunipa nafasi, na ilipopoa nilikuwa nimeapa kwamba jina la watu hao halitatoka tena kinywani mwangu. Kikwembe nikakifunga kwenye plastiki, nikakizika chini kabisa ya sanduku. Sikukivaa tena. Na foto ya Mukamugema, yeye akaitundika kwenye ubao wa mulangoni, mahali pa kwanza, kila anayeingia aione. Miaka yote hiyo niliingia kwenye studio ya bwana yangu kwa kupita mbele ya mwanamuke mwingine aliyevaa arusi yangu.

Volkano ilipotuchomea muji, ile ya mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Kasereka alikimbia na sanduku la filimu zake kichwani, mimi nikakimbia na Olive na sanduku langu. Studio ikaisha. Koti, tai, saa, gauni, ukuta wa ziwa, ubao na foto zake zote, moto ukameza. Nitasema kweli: nilipokumbuka ule ubao nilihisi ubaridi mutamu moyoni. Lakini filimu ya foto ya Mukamugema ilikuwa kwenye sanduku la Kasereka. Mwanamuke huyo hata volkano haikumuweza!

Tukahamia Ndosho, juu ya mawe meusi kama watu wote. Simu zikaja, kila mutu akawa mupiga foto, na Kasereka akabaki na foto za paspoti na za mazishi. Nilidhani basi, ameisha. Kumbe uzee ulimuletea wazimu mupya. Akatoa zile filimu za zamani, akaanza kuwatafuta watu wake, mumoja mumoja, awapige tena vile vile: kiti kile, mukao ule, nguo ile. Alimushonesha fundi koti jipya la mufano wa lile la zamani. Akamulipa kijana achore ziwa na mutumbwi mukubwa kuliko mulima. Mudogo wake Kakule, anayefanya biashara mpaka Kampala, akamutafutia filimu huko, maana Kasereka alisema ya simu si foto.

Watu walikuja, na ninakubali, ilikuwa raha kuwaona. Muuza nyama aliyefungwa vibano mugongoni ujana wake sasa koti halimufungi hata mbele. Mapacha hawafanani tena, mumoja amekaa vitani na mwingine amekaa dukani. Padiri akaomba saa ile iliyokufa, akaambiwa ilizikwa na volkano, akacheka mpaka akakohoa. Kasereka anawaweka ukutani wawili-wawili, wa zamani na wa sasa. Wengine ukutani wana foto moja tu na nafasi tupu pembeni. Mimi sikuwa hata na nafasi tupu.

Halafu Sake ikakimbia. Vita ya sasa, hii hii, ilisukuma watu wa Masisi na Sake wote kwenye barabara, wakaja kupanga mahema Lac Vert, pembeni ya muji wetu. Wamama wa kanisa walikuwa wanapeleka unga, na Kasereka akaenda kuwasaidia kubeba. Alirudi jioni na sura ya kijana. Nikajua kabla hajafungua mudomo. Bibi anajua.

"Mama Olive, nimemuona."

"Nani?"

"Mukamugema. Yuko Lac Vert, ndani ya hema. Alikwenda Uganda, akarudi kwenye kilima chao, akalima miaka mingi, sasa vita imemushusha tena." Akakaa, akashika magoti yake. "Nilimutambua kwa shingo."

Kwa shingo! Muzee wa meno ya kuhesabika, anatambua shingo!

"Anakuja Jumamosi nimupige tena. Mama Olive, nguo zote za zamani ziliungua. Zote nimeshonesha. Kimebaki kitu kimoja tu cha kweli, nacho ni kile kikwembe chako."

Nilikwenda jikoni nikageuza bugali kwa nguvu mpaka sufuria ikaanguka. Olive, ambaye sasa ni mama wa watoto, akapita kututembelea, akasikia habari yote, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama! Unamuonea wivu bibi muzee anayelala kwenye hema?"

"Ndiyo."

"Lakini mama..."

"Ndiyo, nimesema! Nenda kwako."

Ninyi ambao hamujawahi kushikwa na wivu wa namna hii, mutasema Kasoki ana roho mbaya. Lakini sikilizeni. Ndege waliniuma, ndiyo. Ubao wa mulangoni uliniuma. Chini ya hayo yote kuna kitu ambacho hakikuniacha tangu lile soko: mwanamuke yule alitafutwa. Kuna mwanaume aliyezunguka makambi mwaka muzima na sura yake mufukoni, akamukamata mutu wa bure sokoni kwa ajili yake. Mimi mwanaume wangu anaona watu wote wa muji kupitia kile kioo chake, na filimu inapokwisha, inakwisha kabla yangu. Nikipotea mimi, Kasereka ataonyesha watu nini? Atawaonyesha wajomba?

Ijumaa nilifungua sanduku. Kikwembe kilikuwa kizima, bluu yake imelala kidogo, ndege wako pale. Nikamwambia Kasereka: "Kitakwenda. Lakini kikwembe kikienda, ninakwenda nacho, na mimi ndiye nitakayemufunga." Alifurahi kama mutoto. Hakuelewa kitu.

Jumamosi Mukamugema akafika kwa moto, pikipiki ya kukodi. Nilikuwa nimejiandaa kuona mwanamuke wa foto. Akashuka mama mukavu, kandambili za rangi mbili, mikono ya jembe. Nikapumua. Halafu akavua kitambaa alichojizungushia, na ile shingo ilikuwa bado ipo. Nikakasirika upya.

Nikamufunga kikwembe juu ya sketi yake, nikakaza kuliko inavyotakiwa. Hakulalamika. Akashika ndege mumoja kwa kidole. "Aksanti, mama," akasema. "Sikujua ni cha nani. Nilidhani ni cha studio."

"Ni cha arusi yangu."

Akaniangalia haraka, akateremsha macho. Kasereka hakusikia, alikuwa na mambo yake. Akamuketisha, akarudi nyuma, akaangalia, akaja tena, akainama, akashika mukunjo wa kikwembe kiunoni kwa vidole viwili, akauvuta kidogo, akaulaza. Hivyo hivyo, polepole. Huo mukono naujua. Nimeuona ukilaza mikunjo ya wanawake wa Goma nzima, na sijawahi kuusikia kwenye kiuno changu. Niliuma shavu langu kwa ndani.

"Sasa angalia vile ulivyoangalia siku ile," Kasereka akamwambia.

Mukamugema akajaribu. Akashindwa. "Siku ile nilikuwa namuangalia bwana yangu, Papa Foto. Nilijua ataiona. Leo nimuangalie nani?"

"Hakukupata?"

"Hakunitafuta." Alisema bila kulia, kama mutu anayetaja jina la kijiji chake. "Niliporudi kwenye kilima, watu waliniambia Josias alishuka kuelekea Kisangani na mwanamuke mwingine. Foto yangu aliipata, dereva aliniapia kwamba alimupa mukononi. Akaiona, na hakunitafuta hata siku moja. Nimelima na neno hilo miaka yote."

"Pole, mama," Kasereka akasema, akashika-shika apareyi yake. Yeye hakujua kitu. Aliyejua nilikuwa mimi.

Musidhani nilifungua mudomo mara moja. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa sawa, mimi na yeye, wanawake wawili ambao hakuna aliyewatafuta, na utamu wake niliusikia mpaka kwenye meno. Ningenyamaza tu, angepanda moto arudi Lac Vert, na mambo yangekwisha hapo. Lakini uongo ule uliniudhi. Mimi nilikuwa na alama kwenye mukono kwa sababu ya mwanaume huyo, soko lote likiniona mwizi wa wafu, halafu watu wa kilima wanasema hakutafuta?

"Nani alikuambia ujinga huo?" nikafoka. Wote wawili wakaruka. "Alinikamata hapa!" Nikamuonyesha mukono. "Soko la Virunga, siku ya ubatizo wa mutoto wangu, na hiki hiki kikwembe kiunoni. Alitaka nimuonyeshe maiti yako. Alizunguka makambi yote na foto yako kwenye plastiki, mwaka muzima, anauliza mama wa kikwembe cha ndege!"

Mukamugema akatikisa kichwa. "Labda ni mutu mwingine, mama. Watu wengi walikuwa wanatafuta."

"Alisema ni Josias."

"Josias ni wengi."

"Aliniuliza kama mupiga foto ni kijana!" Nilikuwa nimesimama sasa. "Ameketi chini kwenye vikapu, amekonda, hana hata viatu, na anataka kujua kama bwana yangu ni muzuri wa sura! Alidhani kuna mwanaume aliyekununulia wax!"

Mikono ya Mukamugema ikapanda mpaka kwenye mudomo. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kiti kikalia chini yake.

"Ni yeye! Eeh, Mungu wangu, ni yeye kabisa! Josias huyo alikuwa anamuonea wivu hata muzee wa kukamua ng'ombe! Hata pasta! Nani mwingine angeuliza hivyo?" Halafu kicheko kikavunjika katikati, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta. "Alinitafuta," akasema. "Josias alinitafuta."

Kasereka alikuwa amekwisha kuelewa. Akaweka apareyi chini. "Kwa hiyo watu walikuwa wanaangalia nguo," akasema taratibu. "Ningekupiga na ile nguo yako iliyochanika, kuna mutu angekutambua. Mimi ndiye niliyekupoteza."

Maneno hayo nilikuwa nimeyaweka tayari kwa ajili yake tangu lile soko, yamenolewa, yanangoja siku. Na sasa ameyasema mwenyewe, na sura yake nilishindwa kuiangalia.

"Piga foto, Papa Foto," Mukamugema akamwambia. "Sasa najua pa kuangalia."

Akapiga. Akapiga tena. Mimi nikakaa kwenye benchi, wivu unanitafuna upya, na safari hii cha kuonewa wivu nilimupa mwenyewe kwa mudomo wangu. Aliingia mule ndani sawa na mimi. Sasa alikuwa amenipita, yeye ametafutwa.

Alipomaliza akafungua kikwembe, akakikunja, akaniletea kwa mikono miwili.

"Na foto yako wewe iko wapi, mama? Ya arusi, na kikwembe hiki. Nataka kuiona."

"Haiko."

"Iliungua?"

"Haikupigwa. Filimu ilikwisha kwa wajomba."

Mukamugema akageuka polepole akamuangalia bwana yangu. "Papa Foto!"

Kasereka akajikuna shingo. Akaangalia namba ndogo ya pembeni ya apareyi. "Imebaki moja," akasema. Akaniangalia, na nikaona ameona haya kweli, muzee muzima. "Kaa, Kasoki." Aliniita jina langu. Tangu Olive azaliwe hakuwa ameliita.

Nikafunga kikwembe changu. Lakini sikukaa.

"Peke yangu sipigwi. Siku ya arusi ulikimbia na apareyi, leo hautakimbia. Mupe yeye."

"Yeye? Hajui! Apareyi hii hakuna mutu..."

Nilimuangalia tu. Akamupa.

Ile apareyi ya zamani unaishika tumboni, unaangalia kwa juu, na kila kitu ndani yake kiko kinyume: ukitaka kwenda kuume, kioo kinakwenda kushoto. Kasereka akamufundisha, akaja kusimama nami mbele ya ziwa, akarudi kumufundisha tena, akaja. Mukamugema anageuka huku, anageuka kule, anacheka, "munakimbia, jamani, simameni!" Na bwana yangu hawezi kutulia mbele ya apareyi asiyoishika mwenyewe. Aliangalia chini, akaona mukunjo wangu haukulala. Akanyoosha mukono. Vidole viwili. Akauvuta kidogo, akaulaza polepole, na mukono wake ukabaki pale.

Apareyi ikalia.

Foto ilipotoka, Kasereka nusura alie. Mukamugema alikuwa ameielekeza chini: imeanza kwenye mabega yetu, imeishia kwenye viatu. Vichwa hakuna, vyote viwili. Kasereka akasema atamutuma Kakule tena Kampala, tutapiga nyingine. Nikamwambia akiigusa atalala nje. Niliitundika mwenyewe, mahali pa kwanza, mbele ya mulango.

Mukamugema anakuja Jumapili baada ya misa, anakaa chini ya foto zake mbili, anazungumza habari za Josias kama mutu aliyetoka kidogo sokoni. Chai namupa, sukari namupa. Lakini nikienda jikoni, ninamuita Kasereka aje anishikie sufuria.

Na wageni hawakosi kuuliza: hawa wasio na vichwa ni akina nani? Kasereka anaona haya, anaanza kueleza mambo ya kioo na kinyume. Mimi ninamukata neno. Ninawaambia: angalieni vizuri. Huo mukono ni wa bwana yangu, hao ndege ni wangu, na vichwa mutavitafuta wenyewe.